Mjadala: Ndege za kivita za Italia ziliangushwa na injini au na maamuzi?

Kila panapozungumzwa ndege za kivita za Italia katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, hutolewa hoja kwamba wahandisi wa nchi hiyo walikuwa mabingwa wa kuunda mabawa na kiwiliwili, ila nchi yenyewe haikuwa na uwezo wa kutengeneza injini yenye nguvu, na kwa hiyo hakuna mtu wa kulaumiwa. Ushahidi unaoletwa huwa ni Macchi C.202 Folgore, ndege ya kivita ya kampuni ya Macchi iliyopata mwendo baada ya kufungwa injini ya Kijerumani. Naipinga hoja hiyo, na ndege nitakayoanza nayo ni hiyo hiyo.

Folgore ilizaliwa kutokana na C.200 Saetta, kazi ya mhandisi Mario Castoldi, iliyoruka mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1937. Saetta ilitumia injini ya Fiat A.74 yenye silinda 14 zilizopangwa kwa duara na kupozwa kwa hewa, na nguvu zake hazikufika farasi 900, hivyo mwendo wake uliishia kwenye kilomita 500 hivi kwa saa. Castoldi alibakisha sehemu kubwa ya mabawa na mkia, akaunda kiwiliwili kipya chembamba cha kubeba injini ya Kijerumani, Daimler-Benz DB 601 yenye nguvu za farasi 1,175, na tarehe 10 Agosti 1940 ndege hiyo ikaruka na kuonyesha kwamba inaweza kukaribia kilomita 600 kwa saa. Anayetaka kujua umakini wa Castoldi na apime mabawa yake: la kushoto lina urefu unaozidi la kulia kwa takribani sentimita 20, kwa sababu mzunguko wa pangaboi huielemeza ndege upande mmoja, na bawa refu zaidi huongeza nguvu ya kuinua upande huo, ili rubani asilazimike kupambana na usukani muda wote wa safari.

Matoleo yaliyofuata yalikuwa ya marekebisho tu. Liliongezwa chujio la mchanga kwa ajili ya Afrika Kaskazini, kamera kwa ajili ya upelelezi na vishikio vya mabomu. Silaha ndizo zilizobaki dhaifu: rashasha mbili za milimita 12.7 puani, na baadaye mbili ndogo za milimita 7.7 mabawani.

Sasa tuje kwenye injini, kwa maana hapo ndipo mjadala wenyewe ulipo. Tarehe 23 Oktoba 1934, juu ya Ziwa Garda, rubani Francesco Agello aliendesha ndege ya majini Macchi M.C.72 kwa kilomita 709 kwa saa, mwendo ambao ndege ya majini yenye injini ya pistoni haijawahi kuupita hadi leo. Aliyeichora ni Castoldi huyo huyo, na injini yake, Fiat AS.6 yenye silinda 24, ilipozwa kwa maji na kutengenezwa Italia. Najua nitajibiwa kwamba ile ilikuwa injini ya mashindano, yenye mafuta maalumu na maisha mafupi, isiyofaa kufungwa kwenye ndege ya askari. Jibu hilo ni la kweli, lakini halitoshi, kwa kuwa Rolls-Royce ya Uingereza nayo ilipitia mashindano ya Schneider, ya mbio za ndege za majini, kwa injini ya namna hiyo, kisha ikayaingiza mafunzo yake katika injini za kijeshi. Italia iliiacha njia hiyo. Jeshi la anga liliegemea injini za duara, ambazo ni rahisi kutunza na hazina rejeta ya kutobolewa na risasi, na vita vilipoanza nchi ikalazimika kununua injini Ujerumani na kuomba leseni ya kuitengeneza DB 601 katika viwanda vya Alfa Romeo, ambako uzalishaji ulikwenda taratibu kuliko mahitaji ya vita. Uhaba wa injini upo, siukatai. Nasema tu kwamba ulitengenezwa mezani.

Wengine huwatupia lawama marubani, waliopenda chumba kilicho wazi na ndege inayogeuka upesi. Ni kweli kwamba marubani wa Saetta walikikataa kifuniko cha kioo na kiwanda kikakiondoa. Ni kweli pia kwamba Fiat CR.42, yenye mabawa ya juu na ya chini, ilipendwa, na katika Afrika Mashariki ya Kiitalia ilifanya kazi isiyopaswa kudharauliwa: Mario Visintini alipata ushindi wake mwingi akiwa na ndege hiyo katika anga za Eritrea na maeneo ya jirani, hadi alipogonga mlima mwezi Februari 1941. CR.42 nyingine zilifunguliwa vipande na kusafirishwa huko ndani ya ndege kubwa za mizigo, kwa kuwa njia ya bahari ilikuwa imefungwa. Lakini rubani hupigana na alichopewa. Si marubani walioamua kwamba CR.42 iendelee kutoka viwandani hadi ikazidi 1,700, na kuwa ndege ya kivita iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote ya Italia katika vita hivyo.

Mtu anaweza kusema kwamba CR.42 haikuinyima Folgore injini, kwa sababu zilitumia injini tofauti, na hapo nakubaliana naye kabisa. Ndiyo maana naona mwaka 1942 ni ushahidi mzito zaidi. Leseni ya DB 605, injini ya Kijerumani iliyoifuata DB 601 na yenye nguvu za farasi 1,475, ilipopatikana, zilijengwa ndege tatu kuizunguka injini hiyo moja: Macchi C.205 iliruka tarehe 19 Aprili, Fiat G.55 tarehe 30 Aprili, na Reggiane Re.2005 mwezi Mei. Zote tatu zilikuwa bora, na Wajerumani walioijaribu G.55 mapema mwaka 1943 waliisifu sana. Hata hivyo wizara ya anga haikuchagua moja, bali iliagiza zote kwa viwanda vitatu vyenye vipuri visivyoingiliana. C.205 zilizotoka ni 262, na Re.2005 hazikufika hata 100.

Kwa hiyo namwomba anayeshikilia kwamba injini ndiyo chanzo pekee anijibu jambo moja: nchi inayojua kwamba injini zake ni chache inazigawaje kwa ndege tatu za kazi ile ile, na nani katika wizara alipaswa kusema hapana?