Mtoto kagongwa na Hiace Igoma: nimalizane na mwenye gari, niende bima au nifungue kesi?

#1 Mama_Igoma

Habari za jioni wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, nimechoka kuzunguka.

Binti yangu ana miaka 7, yuko darasa la pili. Mwezi wa tatu akitoka shule na wenzake aligongwa na Hiace kwenye kivuko cha pundamilia, hapa hapa Igoma, Mwanza. Gari lingine lilikuwa limesimama kuwapisha, Hiace ikalipita lile lililosimama ikamzoa. Mfupa wa paja ulivunjika na kichwani alichanika. Hospitali ya Sekou Toure wakampa huduma ya kwanza, tukapewa rufaa kwenda Bugando. Wiki tatu mguu ukivutwa kwa uzito, kisha plasta kubwa kuanzia kiunoni. Sasa anatembea ila anachechemea, na daktari anataka tumrudishe kila baada ya miezi kadhaa apime urefu wa miguu.

Dereva alifikishwa mahakamani, akakiri, akalipa faini, akarudi barabarani. Mwenye gari si mtu mbaya. Alikuja wodini mara mbili, akaleta maziwa na laki mbili. Sasa anasema atanipa milioni moja na nusu, niandike kwamba sina madai tena. Askari mmoja alinishauri nichukue, "usije ukakosa yote". Halafu kuna kijana alinifuata hospitali, anajiita mtu wa bima. Ananiahidi milioni kumi, yeye achukue nne.

Stakabadhi zangu zinafika 1,340,000. Nauli, chakula, na genge langu lililofungwa mwezi na nusu sijahesabu. Nishike lipi?

#2 Sato_wa_Kuchoma

Pole sana dada, na mshukuru Mungu mtoto yupo. Mimi nitasema wasilopenda wengi humu: chukua hiyo hela. Kaka yangu aligongwa Buhongwa, akakataa laki nane, akaenda mahakamani. Tarehe zikawa zinapigwa tu, leo hakimu yuko safari, kesho shahidi hajafika. Mwaka wa pili akaacha mwenyewe. Nauli ya kwenda mahakamani ilimla kuliko ile ajali.

Mwambie aongeze ifike mbili, muandikishiane kwa mwenyekiti wa mtaa, maisha yaendelee.

#3 Ng'wana_Magu

Sato, kaka yako alikuwa mtu mzima. Mfupa wake ulishamaliza kukua.

Mama Igoma, nikueleze ya kwetu. Mtoto wa dada yangu aligongwa na pikipiki upande wa Sengerema akiwa na miaka 9. Mguu, karibu na goti. Mwenye pikipiki alitoa laki sita, shemeji akasaini, tukashikana mikono, hata soda tukanywa. Mfupa ukaunga vizuri, mwaka wa kwanza anacheza mpira kama kawaida. Kuanzia mwaka wa pili tukaona suruali moja inaburuza. Kumbe alipoumia ni pale mfupa unapokulia, upande mmoja ukakua na mwingine ukabaki nyuma. Goti likaanza kupinda kwenda ndani. Tukaambiwa anahitaji upasuaji wa kunyoosha, na huenda ukarudiwa kadiri anavyokua.

Tulipomrudia mwenye pikipiki alitoa ile karatasi mfukoni, imekunjwa vizuri kabisa. Hakuwa na haja ya kusema neno. Shemeji mpaka leo hapendi mtu aitaje hiyo soda.

Kwa hiyo daktari anaposema turudi tupime urefu, maana yake hata yeye hajui bado mguu utaishia wapi. Huyo mwenye Hiace anataka kununua kitu ambacho bei yake haijajulikana.

#4 Mzee_Kirumba

Jaribuni WCF, si ndio mfuko wa fidia?

#5 Wakili_wa_Rock_City

Mzee wangu shikamoo. WCF ni kwa mfanyakazi aliyeumia kazini, huyu ni mtoto wa shule. Haimhusu.

Dada, mimi ni wakili, ila hapa naongea kwa ujumla, sijaona jalada lako. Watu wanakuwekea njia tatu kama vile kila moja inasimama peke yake. Bima na mahakama ni njia moja yenye vituo viwili. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimu kila mwenye gari kuwa na bima inayomlinda mtu wa tatu, na mtu wa tatu hapo ni mtoto wako. Unaanza kwa kudai kwa maandishi. Wakilipa inavyostahili, mmemaliza. Wakigoma, unawashtaki dereva na mmiliki, na ukishinda kampuni ya bima ndiyo inayobanwa kulipa hukumu ile. Sharti kubwa ni kampuni iwe imepewa taarifa ya kesi mapema kwa maandishi. Wengi wanashinda kesi halafu wanakwama hapo, kwa sababu bima ilisikia habari baada ya hukumu. Andika barua kabla hujafungua kesi, wagonge muhuri kwenye nakala yako.

Kuhusu muda. Madai ya namna hii yana ukomo wa miaka 3 kwa mtu mzima. Kwa mtoto, Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, inaanza kuhesabu akishafika umri wa utu uzima, yaani miaka 18. Kwa hiyo anayekutisha kwamba utakosa yote usipochukua wiki hii, anakukimbiza bure. Ila usibweteke. Fedha ulizotoa wewe mfukoni wanaweza kukubishia kwamba hilo ni dai lako wewe mzazi, na wewe hukuwa mtoto siku ya ajali. Hesabu miaka yako 3 kuanzia mwezi ule wa tatu. Tena ushahidi hauna ukomo wa kisheria, unapotea tu wenyewe: konda anahama, gari linauzwa, jalada linahamishwa kabati.

Jambo la mwisho ambalo wazazi wengi hawalipendi. Kesi inafunguliwa kwa jina la mtoto, wewe ukiwa mwakilishi wake. Ikishafunguliwa huwezi kukubaliana na upande wa pili wala kupokea fedha bila ruhusa ya mahakama, kwa sababu fedha ni za mtoto.

#6 Mama_Igoma

Asante sana wakili. Swali: konda alisema mtoto alikimbia. Hilo si litaniharibia? Na ile faini ya dereva ina maana yoyote kwangu?

#7 Wakili_wa_Rock_City

Ina maana kubwa kuliko unavyodhani. Dereva amekiri na kutiwa hatiani, na muda wa rufaa ukishapita, Sheria ya Ushahidi inaichukua hukumu ile kuwa uthibitisho wa kosa lake. Hutaanza upya kubishana nani alikosea. Omba nakala ya hati ya mashtaka na ya hukumu iliyogongwa muhuri. Faini imekwenda serikalini, haikuhusu. Mahakama ile ya jinai ingeweza kuamuru na fidia, lakini mara nyingi kesi za trafiki zinaisha asubuhi moja na hakuna anayemkumbuka aliyeko wodini.

Kuhusu kukimbia: akili ya mtoto wa miaka 7 haipimwi kwa kipimo cha mtu mzima. Na pale ni pundamilia, gari la mbele limesimama. Dereva aliyelipita atajieleza vipi?

#8 Kikokotoo

Nimefanya kazi dawati la madai kwenye kampuni ya bima kwa miaka kadhaa, nisiitaje. Nikupe ya jikoni.

Kwanza hakikisha bima ilikuwa hai siku ya ajali, siyo leo. Namba ya gari unaiingiza kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), unaona kampuni na tarehe. Stika au karatasi unayoonyeshwa usiiamini kwa macho.

Jalada la dai likija na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, peke yake, linakaa chini ya mengine. Tunataka PF90 na PF115, ambazo ni fomu za polisi za taarifa ya ajali, PF93 ya ukaguzi wa gari, ramani ya tukio, hati ya mashtaka na hukumu. Kisha taarifa ya daktari. Hapo ndipo watu wanapojipunja. Wanaleta karatasi ya kuruhusiwa kutoka wodini, imeandikwa mfupa umevunjika na umetibiwa, basi. Sisi tunalipa kilichoandikwa. Taarifa inayoongeza fedha ni ile inayosema mguu umepungua kiasi gani, kama kuna ulemavu wa kudumu na kwa asilimia ngapi, na matibabu gani bado yanakuja. Mwombe daktari wa mifupa aandike hivyo, na kama ni mapema mno kusema, aandike kwamba ni mapema mno. Sentensi hiyo ni kinga yako, ukiambiwa usaini haraka unaionyesha.

Ofa ya kwanza ya bima nayo ni ofa ya kwanza tu. Itakuja na hati ya kumaliza madai yote, ukisaini mlango umefungwa. Kampuni ikikaa kimya au ikikuzungusha, peleka malalamiko TIRA, wana ofisi ya kanda hapa Mwanza. Yupo pia Msuluhishi wa Migogoro ya Bima chini ya Sheria ya Bima ya 2009.

Huyo kijana wa nne kwa kumi ni kishoka. Muulize leseni yake uone atakavyopotea. Wengine wanasainisha wazazi hati ya uwakilishi, hela inaingia kwao, mzazi anaambiwa bima imekataa.

#9 Mwenye_Chuma

Nina Hiace mbili, njia ya Kisesa, kwa hiyo mtanisamehe niwatetee kidogo wamiliki. Sisi hatutoi milioni na nusu kwa sababu ni wabaya. Gari likikaa kituoni siku kumi marejesho yananitafuna, na wengi hatujui kwamba ile bima ndogo tunayokata inamlipa majeruhi. Tunaijua kama stika ya kumwonyesha trafiki. Nilijifunza siku dereva wangu alipomgusa mzee Mabatini, nikatoa laki tano mfukoni wakati bima ningeweza kuiarifu siku ileile.

Muite huyo mwenye gari, mwambie kwa upole: kaka, lete nakala ya bima yako, ujaze fomu ya kuripoti ajali kwa kampuni yako, walipe wao. Utashangaa, anaweza kuwa rafiki yako. Asipotaka kabisa, shtuka. Huenda bima ilikuwa imekwisha, au dereva hana leseni ya daraja hilo.

#10 Sato_wa_Kuchoma

Sawa, mmenisogeza. Ila swali langu halijajibiwa: mama huyu leo asubuhi anakula nini? Genge limefungwa mwezi na nusu, kliniki inataka nauli na hela ya picha. Taarifa ya daktari nayo si bure. Wakili naye si bure. Mnamwambia asubiri kama vile kusubiri hakuna gharama.

#11 Ng'wana_Magu

Hapo umesema kweli, na ndiyo iliyomponza shemeji. Alisaini kwa sababu ya deni la hospitali.

#12 Wakili_wa_Rock_City

Sato, swali zuri. Si lazima kuchagua kati ya hela yote na njaa. Mwenye gari anaweza kutoa fedha sasa, na mkaandika kwamba ni sehemu ya gharama za matibabu hadi tarehe fulani, bila kuathiri madai mengine ya mtoto. Maneno hayo tu. Yasiwepo "nimesamehe", "tumemalizana" wala "sina madai tena". Kiasi hicho kitakuja kupunguzwa kwenye fidia ya mwisho, hakuna anayedhulumiwa.

Gharama ya wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imeweka utaratibu wa wasio na uwezo kusaidiwa, na wapo wasaidizi wa kisheria kwenye kata. Ulizia ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Ukimchukua wakili wa kulipwa, makubaliano yawe kwa maandishi kabla hajaandika hata barua.

Na weka kidaftari. Stakabadhi kila moja, nauli ya kila kliniki na tarehe yake, siku alizokosa shule. Gharama halisi mahakama inataka uzithibitishe moja moja, hazikadiriwi. Maumivu na kilema ndivyo hakimu anavyovipima kwa busara yake.

#13 Mama_Igoma

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Nimempigia mwenye gari jioni hii. Mwanzo alikuwa mkali, nilipotaja bima akanyamaza, kisha akasema cheti kipo nyumbani atanipigia picha. Ameituma saa hii. Kikokotoo, tarehe inaonyesha ilikuwa hai mwezi wa tatu, nitahakiki kwenye mfumo kama ulivyosema. Amekubali kutoa laki nne za kliniki, na ameniambia nilete karatasi mimi.

Picha za eksirei za mwanzo zilibaki kwa mdogo wangu Nyegezi. Hizo nazo zinahitajika?

#14 Kikokotoo

Zinahitajika sana, kesho zifuate. Usizikunje wala kuziacha juani, na usimpe mtu yeyote zile halisi, hata kampuni yenyewe. Wape nakala na taarifa ya daktari. Ile karatasi ya laki nne, iandike hapa tuione kabla hujaipeleka.