Yule bwana wa maiki kaangusha goli letu mpigaji akiwa ameshaweka mpira chini!!

Skramu_Kavu (mwanzisha uzi):

Wakuu, nimetoka uwanjani sasa hivi, hata viatu sijavua. Moderata mkitaka kuufuta uzi huu ufuteni kesho, leo niacheni niseme.

Simtaji jina na wala hakuna haja. Kama umewahi kukaa Dodoma wikiendi moja tu ukapita jirani na kiwanja chochote, cha nyasi au cha vumbi, unamjua. Yule bwana wa maiki na maspika mawili makubwa kama makabati. Bonanza la maveterani ni yeye, harusi ni yeye, uzinduzi wa duka la simu ni yeye. Mtu ambaye jogoo wa Chang'ombe akiwika alfajiri bila kumwomba ruhusa yeye anaona kaingiliwa kazi.

Sasa leo kaja kwenye raga.

Msimu wetu ulianza vibaya, sikatai. Tulienda Iringa tukapigwa 38–5 na baridi ile, vijana wakarudi kwenye basi kimya mpaka Mtera. Mechi ya pili hapa nyumbani tukatoka sare 10–10, tukaanza kuonekana watu. Leo ya tatu, wageni wametoka Morogoro, wamepanda treni ya mwendokasi kwa nauli zao wenyewe waje kucheza na sisi. Timu nzuri, watu waungwana. Tumebanana nao kuanzia saa tisa alasiri, jua la Dodoma, ardhi ngumu ukianguka unaacha ngozi ya goti hapo hapo. Dakika ya 79 wanaongoza 18–12. Tunapata skramu, ule msukumano wa wanane kwa wanane kugombea mpira, karibu na mstari wao. Vijana wanane wanasukuma kitu kimoja, namba 8 wetu anauokota mpira, anadumbukia nao nyuma ya mstari upande wa kulia, anaugusisha chini. TRAI! Pointi tano. 18–17.

Asiyejua raga anielewe hapa: ukifunga trai unapewa teke la pointi mbili, na hata kama dakika 80 zimekwisha teke hilo lazima lipigwe. Likipita katikati ya nguzo, juu ya mwamba, tumeshinda 19–18. Ushindi wetu wa kwanza wa msimu. Wa kwanza!

Goli la raga lina umbo la H. Kati ya nguzo na nguzo mita 5.6, mwamba uko mita 3 kutoka chini. La kwetu ni goli la mpira wa miguu, tunasimamisha mianzi miwili mirefu nyuma yake na wa tatu tunaulaza juu, tunakaza kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Kazi hiyo vijana wameamka nayo asubuhi, mmoja anapima kwa futi kamba, mwingine yuko juu ya mabega ya mwenzake anafunga mafundo.

Namba 10 wetu kaweka mpira chini. Kajenga kichuguu cha mchanga kwa vidole, kausimamisha, karudi nyuma hatua zake. Uwanja mzima kimya, hata wageni wamenyamaza, maana raga ina adabu zake, mpigaji hapigiwi kelele.

Ndipo spika ikawaka. "HAYAAA, WALE WA KUKUMBATIANA MUDA WENU UMEKWISHA! WAPISHENI WENYE MPIRA WAO!"

Nageuka kutazama goli, kuna kijana wake kakaa juu ya mwamba, kashika kisu, ANAKATA TYUBU. Mwanzi wa kulia unashuka! Mpigaji kashaanza kukimbia, mwanzi unashuka! Wale wasaidizi wawili wa refa wanaosimama nyuma ya nguzo na vibendera, wa kushoto kabaki pale, wa kulia kakimbia kuokoa kichwa chake. Mpira ukapita. Wallahi ulipita, na ulipita ndani. Kibendera cha kushoto juu. Cha kulia kiko mbali huko kinapangusa vumbi. Refa kaangalia huku, kaangalia kule, kasema hawezi kulihesabu teke ambalo upande mmoja hauna nguzo wala shahidi. Tumefungwa 18–17.

Kiwanja tulilipia mpaka saa kumi na moja, risiti ninayo. Saa kumi na dakika arobaini mtu anatukatia goli. Wa kukumbatiana! Vijana wamevuja damu dakika themanini wanaitwa wa kukumbatiana, kwenye spika, mbele ya wageni, mbele ya wazazi wao. Mwanzi unashuka na mpira uko hewani. Sijawahi kuona dharau ya namna hii tangu nizaliwe.

Mbuyu_Mkavu:

Nimekaa paleee na ubuyu wangu.

KaloleniHalisi:

Pole mkuu ila punguza povu kwanza, keyboard italowa. Kwa kifupi mmefungwa na mwanzi?

Skramu_Kavu:

Hatujafungwa na mwanzi. Tumefungwa na mtu. Mwanzi ulikuwa umesimama vizuri kabisa mpaka alipofika yeye.

MuuzaMaji_Dom:

Mimi nilikuwepo, nauza maji upande wa wanawake waliokaa chini ya mwarobaini. Mleta uzi hasemi uongo. Yule kijana alipanda golini wakati watu bado wanashangilia ile trai, sisi tukadhani anapanda kushangilia. Kisu nimekiona kwa macho yangu. Na huyo bwana alipomaliza kuwafukuza vijana akatangaza "tunawakaribisha maveterani", maveterani wenyewe walikuwa bado wako kwenye magari wanavuta soksi. Wamekuja kuingia uwanjani saa kumi na moja na robo. Sasa haraka ilikuwa ya nini?

Skramu_Kavu:

HARAKA ILIKUWA YA NINI. Jibuni hapo wakuu. Dakika moja tu. Angesubiri dakika MOJA mpira utue.

Sheria17:

Mkuu nitakuumiza lakini lazima niseme. Refa wenu ndiye kaharibu. Sheria ya raga inasema mpira ukipita juu zaidi ya ncha ya nguzo unahesabiwa kana kwamba nguzo imeendelea kwenda juu. Refa kila siku anakadiria nguzo ambayo haipo. Kama anaweza kukadiria ya juu, angeshindwa nini kukadiria ya kulia wakati shimo la mwanzi lipo chini pale linaonekana? Malalamiko yako peleka kwa refa.

Skramu_Kavu:

Refa simlaumu. Yule ni kijana wa watu kajitolea bila posho, anahukumu huku nyuma yake mtu anapiga muziki wa singeli. Wewe ungeona nini katika hali ile? Mwanzi unashuka, msaidizi anakimbia, vumbi limetimka. Usimtoe mkosaji kwenye kiti chake ukamkalisha mwingine.

Simba_Damu_Makole:

Ila wakuu tuwe wakweli, raga Dodoma? Mpira wa miguu wenyewe pale Jamhuri tunaenda kwa kuhesabiana, leo mtu anataka tulie kwa ajili ya mchezo wa kukimbia na yai la mbuni. Huyo bwana kasema ukweli, mnakumbatiana.

Skramu_Kavu:

Wewe ndiye mtu wa kumtetea. Nikuambie kitu, jirani zetu Wakenya mwaka 2016 walikwenda Singapore wakawachapa Fiji 30–7 kwenye fainali ya raga ya wachezaji saba. Fiji hao hao mwaka huo huo wakabeba dhahabu ya Olimpiki kule Rio. Unajua waliwafunga Fiji wakiwa wangapi uwanjani? Saba tu. Afrika Kusini wamechukua Kombe la Dunia 2023 kwa 12–11, pointi MOJA. Pointi moja mkuu! Ile ile tuliyonyimwa leo. Sasa ukatae thamani ya teke moja.

Simba_Damu_Makole:

Afrika Kusini goli lao halikukatwa na kisu 😂😂😂 endelea kaka, nakusikiliza.

KaloleniHalisi:

😂😂 Kombe la Dunia mwanzi ulisimama imara

Dada_wa_GA:

Mleta uzi pole sana mdogo wangu, na nyie wengine acheni kumcheka, maana hamjakutwa. Sisi wa netiboli huyo bwana alitufanyia mwaka jana. Tumefika mazoezini saa kumi, tunakuta uwanja wetu umekuwa maegesho ya magari ya harusi. Tunauliza, anatujibu kwenye maiki, "akina dada leo mpumzike nyumbani mkapike." Nikiwa na miaka yangu arobaini na mtoto kidato cha tatu naambiwa nikapike na mtu aliyevaa suti ya kung'aa saa kumi ya jua kali. Uwanja ulichorwa kwa chokaa mpya siku ile ile. Matairi yamefuta duara lote la kufungia.

Skramu_Kavu:

Dada shikamoo. Umeona sasa? Ni tabia yake. Kwako kafuta duara, kwangu kaangusha mwanzi.

Ringi_Bila_Wavu:

Netiboli mna nafuu, chokaa inachorwa tena. Sisi wa kikapu alining'iniza bango kwenye ringi. Bango la nani sijui, zito, la chuma. Ringi ikapinda mpaka leo, ukirusha mpira unarudi kwako. Tulipomfuata akasema ringi ilikuwa imepinda tangu zamani.

MuuzaMaji_Dom:

Na mimi anadaiwa katoni mbili za maji tangu bonanza la Nanenane pale Nzuguni. Kila nikimkuta anainua maiki anaanza kunitangaza, "mpigieni makofi mdau wetu wa maji." Mtu unaanzaje kudai watu wanakupigia makofi?

Mbuyu_Mkavu:

Huyu wa maji ndiye kanimaliza leo 😂😂

Baba_Twins_Kisasa:

Mnaongelea viwanja. Mimi huyo ndiye alikuwa MC wa sendofu ya shemeji yangu. Niliahidi laki tatu, nikatoa laki moja na nusu, mambo yalibana, kila mtu na mambo yake. Kamati ilijua, mke wangu alijua. Yule bwana kachukua daftari la ahadi kalisoma UKUMBINI. Jina langu, ahadi, kilichotolewa, na baki. Wakwe wamekaa meza ya mbele. Tangu siku hiyo baba mkwe akinipigia simu anaanza na kukohoa.

Simba_Damu_Makole:

Mzee hapo nimeacha kucheka. Hiyo ni kesi.

Dada_wa_GA:

Jamani! Daftari la ahadi linasomwa ukumbini?

Skramu_Kavu:

Poleni wote wakuu, lakini tusipoteze mada. Ninachotaka wadau mnishauri, Jumamosi ijayo tuna mechi nyingine pale pale, na kalenda iliyobandikwa getini inaonyesha baada yetu ni yeye tena. Mianzi tunaweza kuichimbia kwa zege, sawa. Ila maiki tunaichimbia wapi? Na ule mwanzi ulikuwa unashuka HUKU MPIRA UKO HEWANI, naomba watu wasilisahau hilo.

Sheria17:

Zege msichimbie, nguzo za raga zinatakiwa zivikwe magodoro kwa chini ili mchezaji akigonga asivunjike. Chukueni magodoro ya zamani myafunge.

Kijana_wa_Ipagala:

Samahani nauliza tu, kwani michango ya harusi siku hizi Dodoma ikoje? Mimi nimepewa kadi ya single wameandika elfu sabini. Ukumbi wenyewe huko Ihumwa.

Baba_Twins_Kisasa:

Sabini single?? Sisi mwaka juzi double ilikuwa laki, single hamsini, na tulikula mbuzi.

Dada_wa_GA:

Tangu wizara zote zihamie Mtumba kila kitu kimepanda, hata mbuzi anajua kuwa yuko makao makuu. Kumbi ndiyo usiseme.

Kijana_wa_Ipagala:

Na wanataka iishe kabla ya tarehe ishirini. Mshahara unaingia lini na tarehe ishirini iko wapi?

Ringi_Bila_Wavu:

Kijana lipa nusu, nusu utamalizia mlangoni. Wote tunafanya hivyo.

Baba_Twins_Kisasa:

USIFANYE HIVYO. Kwanza uliza MC ni nani.

Kijana_wa_Ipagala:

Kadi haijaandika MC. Imeandika tu "burudani kabambe".

MuuzaMaji_Dom:

Burudani kabambe ni yeye. Toa yote sabini mdogo wangu.

Skramu_Kavu:

Wakuu, turudi kwenye goli.

Simba_Damu_Makole:

Hivi hiyo sabini inajumuisha vinywaji au unajinunulia? Maana mimi nilienda moja Area D nikapewa soda moja na kuponi ya maji.

Kijana_wa_Ipagala:

Nimemuuliza katibu wa kamati, amesoma ujumbe, hajajibu.