Mashine ya kufulia ina kompyuta ndani: fundi apewe programu yake au asipewe?

Pwagu: Wakuu, mashine yangu ya kufulia imegoma. Fundi kaifungua: mota nzima, mkanda mzima, kilichokufa ni "kompyuta". Kanionyesha kidude cheusi kimeng'ang'ania kwenye bodi kama kupe. Bodi nyingine ikipatikana lazima iwekewe programu, na programu anayo mtengenezaji peke yake. Ulaya mwaka 2024 wamepitisha sheria ya kuwabana watengenezaji watengeneze hata baada ya warantii kwisha. Na sisi tuwalazimishe wawape mafundi wetu programu? Ndiyo au hapana?

Kaskazini1: Hapana. Umpe programu mtu anayefungulia mashine kwa kisu cha mkate?

FundiShoka: Kisu cha mkate unamsema nani? Miaka 14 niko mezani na solda.

Mbuyu: Tusitoke kwenye mada. Hivi vidude viko kila mahali. Laini ya simu ni kompyuta kamili, ina prosesa na kumbukumbu yake. Mita ya umeme ya LUKU pia. Si mnakumbuka 2024 tulivyoingiza namba 20, tena 20, ndipo ya umeme? Mita zilikuwa zinaishiwa tarehe, hesabu ya toka 1990 huko.

Hesabati: 1993, mkuu. Kila tokeni, yaani namba ya umeme unayonunua, inabeba dakika iliyotolewa, ili isitumike mara mbili. Dakika zinahesabiwa toka Januari 1, 1993, kwenye biti 24, yaani nafasi 24 za sifuri au moja. Mwisho wake ni dakika milioni 16 na ushee, zikaisha Novemba 24, 2024. Mita za mfumo ule dunia nzima, si za kwetu tu.

MamaPili: Usinikumbushe. Mama mkwe yuko kijijini, miwani imevunjika, namsomea kwenye simu namba moja moja. Tukifika ya kumi na saba anauliza, "Umesema sita au saba?" Tunaanza upya.

Kaskazini1: Haya, na mita nayo tuwape mafundi programu yake? Nani atalipa umeme hapo?

FundiShoka: Hujanijibu habari ya kisu.

Mbuyu: Fundi, jibu la mita ndilo la maana.

FundiShoka: Mita sijagusa mimi. Nimeitwa mtu wa kisu mbele za watu. Oneni meza yangu, bisibisi kila saizi. [picha]

MamaPili: Meza safi, hongera. Na hicho chenye mpini wa njano pembeni ya solda?

FundiShoka: Cha kubandulia gundi.

Hesabati: Kina meno.

Kaskazini1: 😂😂 Kisu cha mkate hicho!

FundiShoka: Wewe hata pasi ukifungua utarudisha skrubu zote? Kaa kimya.

Pwagu: Wakuu, nguo ziko kwenye beseni siku ya tatu, zimeanza kunuka. Ninunue bodi au nisinunue?

FundiShoka: Usinunue kwanza. Mara nyingi ni kapasita tu, wanasingizia kompyuta. Uko maeneo gani? Nakuja kesho asubuhi.

Kaskazini1: Pwagu, andaa chai. Kisu anakuja nacho.