Swarovski 10x42 kwa laki nne na nusu Arusha: ni og (halisi) au napigwa tena?

Kruza_Kijani

Wakuu habari za jioni. Mimi ni dereva wa watalii, mzunguko wa kaskazini, mwaka wa sita sasa. Naombeni macho yenu kabla sijatoa hela.

Kuna jamaa katangaza mtandaoni darubini ya Swarovski EL 10x42, anataka 450,000. Yupo hapahapa Arusha. Anasema mgeni wa Kijerumani alimwachia mwisho wa safari, na kwa kuwa yeye ameacha kazi ya kuongoza, anauza. Picha ziko tano, safi mno. Najua kitu hicho Ulaya ni zaidi ya milioni tano kwa hela yetu, kwa hiyo akili inakataa. Ila moyo nao una maneno yake, maana wageni huwa wanaacha vitu kweli. Mwenzangu mmoja aliachiwa buti za mlimani hazina hata tope, mwingine kamera na lenzi yake. Kwa nini mwingine asiachiwe darubini?

Kinachonitisha ni kwamba nilishapigwa. Mwaka juzi niliagiza mtandaoni darubini yenye jina kubwa la Kijapani, 180,000, ikaja kwa basi. Mwezi wa kwanza nilijiona bwana mkubwa. Ikafika Juni, tumelala ukingoni Ngorongoro, baridi ile mnayoijua, saa kumi na mbili asubuhi tukaanza kuteremka. Karibu na msitu wa Lerai mgeni ananiuliza, kile cheusi kule ni faru au nyati? Nanyanyua darubini, naona maziwa. Nafuta kioo na fulana, maziwa. Ukungu ulikuwa upande wa ndani, hauguswi. Yule mama akanyoosha mkono kimya kimya, akanipa ya kwake. Alikuwa faru na mtoto wake, niliona mpaka zile alama walizomkata sikioni. Hakuna aliyenicheka, na hilo ndilo lililouma.

Sasa nina laki nane, tipu za msimu mzima. Feki ya darubini inajulikanaje ukiwa nayo mkononi? Na kwenye picha tu je? Tafadhali msiniambie "nunua dukani", Arusha mnaijua.

Mbayuwayu77

Simpo mkuu. Igeuze, ikiwa imeandikwa Made in China achana nayo. Og zote ni Japani au Ulaya.

Babu_Moru

Mbayuwayu, hapo utamfanya mwenzio aache kizuri abebe kibovu. Nikon Monarch M5 inatengenezwa China na ni ya halali kabisa, ninayo shingoni mpaka leo. Vortex Diamondback vilevile, kampuni iko Wisconsin, Marekani, kiwanda kiko China. Na mtu aliyeweza kubandika jina la Swarovski kwenye plastiki atashindwaje kubandika Made in Austria? Za kweli zinatoka Absam, Tirol, huko Austria, lakini maandishi hayo hata kibanda cha mihuri pale mjini watakuandikia.

Kruza, kijana wangu, mimi nimestaafu baada ya miaka 27 ya kuvuta vumbi la Seronera. Usisome kilichoandikwa, pima. Nenda na rula ya mtoto wa shule.

Kwenye 10x42, 10 ni mara inazokuza, na hiyo 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Pima kioo chenyewe, usihesabu mpira unaokizunguka. Kuna zile ndogo za kukunja zinaandikwa 30x60. Ukiweka rula hukuti hata milimita 25. Hapo huna haja ya kuuliza bei.

Mjanja zaidi anaweka kioo cha 42 kweli, kisha ndani anaweka pete inayobana mwanga ili ubovu wa vioo vyake usionekane. Huyo utamkamata hivi. Shika darubini mbali na uso, mkono umenyooka, ielekeze kwenye anga jeupe, siyo kwenye jua. Kwenye kioo cha kuchungulia utaona kiduara cha mwanga kinaelea. Upana wake ni 42 gawa kwa 10, yaani milimita 4.2. Kwa 8x42 inazidi 5 kidogo. Kiwe mviringo kama sarafu. Kikiwa kimekatwa pembe kama kishada, na pembeni kuna kijivu, prizimu, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyonyoosha picha, ni za bei ya chini. Ukikuta milimita mbili na kitu, ama kuna pete humo ndani ama hiyo 10 siyo 10.

Na 10 yenyewe inapimika. Simama mbali kidogo na ukuta wa matofali, jicho moja kwenye darubini, jingine wazi, yote mawili yanatazama. Picha mbili zitapandana. Tofali moja la darubini linafunika matofali mangapi ya jicho tupu? Kijana mmoja wa Karatu aliniletea yake imeandikwa mara 60, anaringa nayo stendi nzima. Tulihesabu wote wawili. Saba na nusu.

Halafu waya wa umeme. Tazama waya ulio mbali, kisha isogeze darubini taratibu kutoka usoni huku unaendelea kuutazama. Waya wa kushoto na wa kulia ukipishana, mmoja juu mmoja chini, prizimu zimekaa upogo. Macho yako yatajitahidi kuziunganisha picha hizo siku nzima, na saa nane mchana kichwa kinagonga, wewe unalaumu jua la Ndutu.

Vioo vyekundu kama macho ya komba usiku, kimbia. Wanakwambia ni vya kuonea gizani. Rangi ile inaurudisha wekundu nje, wewe unabakiwa na picha ya kibuluu, simba anaonekana kama ana homa ya ini. Washa tochi ya simu mbele ya kioo, uangalie mwanga unaorudi. Kioo kilichopakwa dawa vizuri kinarudisha mwanga hafifu, wa kijani au zambarau. Ukirudi mweupe pee, hakikupakwa kitu.

Huo ukungu wako wa Lerai nao una maelezo. Darubini ya maana imezibwa na kujazwa gesi kavu, nitrojeni au agoni. Yako haikuzibwa. Imelala kwenye baridi ya ukingoni, umeteremka nayo mita 600 hadi kwenye joto, hewa yenye unyevu ikapenya ikakuta vioo bado vya baridi. Kifuniko cha kioo cha sufuria nacho hufanya hivyohivyo.

Kuhusu picha tano safi mno: ziweke kwenye Google Lens uone kama hazitoki kwenye duka la watu. Kisha mwambie akupigie picha ya namba iliyochongwa kwenye mwili wa darubini, pembeni aweke karatasi ya tarehe ya leo aliyoandika kwa mkono. Namba hiyo waandikie Swarovski Optik wenyewe uwaulize. Mwenye mali halali anaipiga picha hiyo kwa dakika mbili.

Rungwa_Kavu

Babu kamaliza, ila niongeze la upande wetu wa uwindaji, maana sisi feki ikitudanganya hatupati aibu tu.

Bosi wangu wa zamani aliagiza mtandaoni darubini ya bunduki yenye jina la Leupold, ule mfano wa Mark 4, kwa robo ya bei. Kwa macho hukuti kosa, hata ile pete ya dhahabu ipo. Tukaifunga kwenye bunduki ya .375. Risasi tatu za kwanza unazifunika kwa kiganja. Ya nne ikaenda kushoto. Ya tano hatukuiona kwenye karatasi kabisa, tukabaki tunatazama kichuguu kule nyuma. Mshindo ulikuwa unahamisha msalaba wa kulengea kidogokidogo kila anapovuta. Shukuru Mungu ilikuwa karatasi, siyo nyati. Kampuni yenyewe, iliyoko Beaverton, Oregon, ilishatangaza hadharani kuhusu nakala hizi zinazotoka China, na dhamana yao haizigusi.

Kama hauna nafasi ya kupiga: ibane sehemu isiyotikisika, lenga kona ya tofali, zungusha kirekebishi mibofyo 20 juu, 20 kulia, 20 chini, 20 kushoto. Msalaba unatakiwa urudi palepale konani. Wa bosi ulirudi mtaa wa pili.

Pweza_wa_Tudor

Salamu kutoka Mombasa. Kaka, usitume pesa mbele hata ndururu. Akisema "tuma nusu niiweke pembeni, kuna mtu mwengine anaitaka", huyo mtu mwengine ni yeye mwenyewe na laini yake ya pili. Mkutane mchana, pahali pana watu, ushike, upime, ndiyo ulipe. Na ukigundua ana mzigo mzima wa hizo, mripoti. Sisi huku tuna Mamlaka ya Kukabiliana na Bidhaa Bandia, kwa sheria ya 2008. Nyinyi mna FCC, Tume ya Ushindani, wao ndio wenye meno na Sheria ya Alama za Bidhaa.

Kruza_Kijani

Asanteni sana wakuu. Babu shikamoo, nilikosa adabu hapo mwanzo. Swali moja: hii ya 450,000 ikiwa kanyaboya, kwa laki nane nichukue nini? Nilitaka 10 kwa ajili ya wale wageni wa kuangalia ndege.

Babu_Moru

Marahaba. Chukua 8x42, achana na 10. Wewe unatazama umesimama kwenye kruza, paa limefunguliwa, nyuma watu wanne wanahama viti. Mara 10 inakuza na mtetemo mara 10. Na 8 inakupa uwanja mpana zaidi: ukisema "chui, mwegea wa pili kushoto", unamkuta kabla hajashuka. Monarch M5 8x42 nje inazunguka dola 300, laki nane yako inafika. Mwombe mgeni unayemwamini aje nayo, au angalia tovuti ya kampuni imeorodhesha wauzaji gani. Haitakuonyesha kama Swarovski ya kweli, sikudanganyi, hasa jioni jua likizama. Lakini itakuonyesha kuliko Swarovski ya huyo jamaa.

Mbayuwayu77

Nimeigeuza yangu baada ya kusoma hapa. Imeandikwa Made in Japan, vioo vyekundu. Sisemi zaidi.

Kruza_Kijani

Mrejesho, wakuu. Picha ya namba hakutuma, alisema simu yake haioni karibu. Nikamwomba tuonane, akakubali, leo saa tano karibu na Mnara wa Saa. Nilikwenda na rula ya mwanangu wa darasa la tatu.

Nje ilikuwa nzuri, sina budi kusema. Rangi ya kijani ileile, mkanda, kisanduku. Ila nilipoifungua ilinuka kama ndala mpya. Kioo cha mbele 42 kamili, nikaanza kupata tamaa. Nikaishika mbali kama Babu alivyoelekeza, nikaitazama mbingu: kiduara kidogo, kimekatwa pembe juu na chini, kishada kabisa. Rula inasema milimita mbili na nusu. Nikamwomba tuvuke barabara kwa Mangi mwenye duka tuiweke kwenye mzani, maana nilishasoma kwamba EL 10x42 ina gramu 800 na ushee. Ikasoma 590. Na mzani wa Mangi, kwa wanaomjua, haujawahi kumpunguzia mtu.

Nikamrudishia na kisanduku chake. Nikamwonyesha tu ile namba kwenye rula, sikumwita tapeli wala nini. Akaichukua rula, akaigeuza, akaisoma nyuma, akanitazama kwa huruma kabisa.

"Bosi," akasema, "hii rula ndiyo feki."