Tupeane uzoefu: nini kilikufanya uielewe spini ya elektroni?

Mzizima_Fizikia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu. Uzi huu ni wa wale waliosoma au wanaosoma fizikia ya kwanta (ya vitu vidogo kama atomu), hasa waliofika kwenye momenta ya mzunguko (kipimo cha kiasi cha mzunguko wa kitu) na spini (momenta ya mzunguko ambayo elektroni inayo yenyewe). Nakutana na wadogo zangu wa mwaka wa pili ambao hesabu wanazimudu vizuri, matriki wanazizidisha, mtihani wanafaulu, lakini ukiwauliza elektroni inafanya nini hasa, wananyamaza. Naomba tusinakili ufafanuzi wa vitabuni. Kila mmoja aseme kitu gani hasa kilimfungulia mlango.

Naanza mimi. Wengi wetu tunakaribishwa kwenye mada hii na picha ya pia, kile kichezeo cha kuzungusha: elektroni ni tufe dogo linalojizungusha. Mwalimu wetu alituacha nayo kwa muda, kisha akatupa swali. Chukua elektroni kuwa tufe lenye nusukipenyo cha 2.8 × 10⁻¹⁵ m, kile kinachotokana na fizikia ya kale. Uso wake uende kasi gani ili momenta yake ya mzunguko ifikie ħ/2 (ħ ni kipimo cha msingi cha momenta katika kwanta)? Kokotoa mwenyewe, utapata kasi inayozidi ya mwanga zaidi ya mara 170. Kwangu mimi, picha ile ya pia ilianguka siku hiyo na haijasimama tena.

Baadaye nikasoma kwamba pingamizi la namna hiyohiyo lilitolewa na mwanafizikia Lorentz mwaka 1925, wakati Uhlenbeck na Goudsmit, vijana wa Leiden, walipopeleka wazo la spini. Waliposikia hesabu ile walitaka kuiondoa makala yao, lakini mwalimu wao Ehrenfest alikuwa ameshaituma. Akawaambia wao bado vijana, hawana jina la kupoteza. Kinachonigusa ni kwamba wazo lilikuwa sahihi, picha ndiyo ilikuwa mbovu. Momenta ipo, usumaku upo, ila hakuna mpira unaozunguka.

Karibuni.

Dada_wa_Main

Salamu kutoka Frankfurt. Mimi nilifunguliwa na kuhesabu mistari tu, na bahati nzuri naishi kwenye mji ambako mistari yenyewe ilionekana. Lile jengo bado lipo, na ukutani kuna kibao cha ukumbusho.

Februari 1922 Otto Stern na Walther Gerlach walipasha fedha moto kwenye tanuri mpaka ikatoa mvuke, wakachuja mkondo mwembamba wa atomu, wakaupitisha kati ya nguzo za sumaku ambayo uga wake una nguvu zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kisha wakazipokea atomu kwenye kioo. Fizikia ya kale inasema sumaku ndogo za atomu zimeelekea kila upande, kwa hiyo utaona utepe mmoja ulionyooka juu hadi chini. Walichokiona ni mistari miwili iliyoachana kwa kama 0.2 mm, na katikati ni patupu.

Sasa hesabu. Momenta ya obiti (ya elektroni kuzunguka kiini cha atomu) yenye namba l inatoa mistari 2l+1. Weka l = 0, unapata mmoja. Weka 1, mitatu. Weka 2, mitano. Siku zote ni witiri! Mistari miwili haitoki kwenye obiti yoyote ile. Ili 2s+1 iwe 2, ambapo s ni namba ya spini, lazima s iwe nusu. Nilipoandika mlinganyo huo mdogo pembeni ya daftari nilihisi kama nimeshikwa mkono na atomu zenyewe.

Niongeze jambo moja ambalo vitabu vingi vinalipita haraka. Stern na Gerlach hawakuwa wanatafuta spini, kwa sababu ilikuwa haijatajwa. Walikuwa wanaipima nadharia ya atomu ya Bohr na Sommerfeld, ambayo nayo ilitabiri miwili kwa sababu nyingine kabisa. Mwaka 1927 Phipps na Taylor, kule Illinois, walirudia kwa hidrojeni, ambayo elektroni yake ya hali ya chini ina l = 0 bila ubishi. Ikagawanyika miwili vilevile. Jaribio hilo la hidrojeni linastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa madarasani.

Mwalimu_Kakamega

Hamjambo nyote. Mimi hufundisha kemia, na mlango wangu ulikuwa oksijeni ya majimaji. Ukiimimina kati ya nguzo za sumaku kali, hunasa pale na kuning'inia mpaka ichemke yote. Naitrojeni ya majimaji hupita tu na kumwagika. Sababu ni kwamba molekuli ya oksijeni ina elektroni mbili zisizo na wenza, na spini zake zimeelekea upande mmoja, hivyo usumaku wake haufutiki. Kwenye naitrojeni kila elektroni ina mwenzake wa kinyume.

Tangu hapo ile 2, 6, 10, 14 ambayo wanafunzi hukariri (idadi ya elektroni zinazoenea kwenye kila aina ya obiti) ikapata maana: kwa kila l kuna nafasi 2l+1, na kila nafasi hubeba elektroni mbili kwa sababu spini ina pande mbili na kanuni ya Pauli hairuhusu zaidi. Jedwali zima la elementi limesimama juu ya ile mbili.

Kijana_PCM

Kaka Mzizima, shikamoo. Mimi bado niko sekondari, kidato cha sita. Kama hakuna kinachozunguka, tunajuaje kwamba ni momenta ya mzunguko kweli na siyo namba tu iliyobandikwa kwenye elektroni?

Fundi_Mitambo

Kijana, swali lako ndilo lililonisumbua mimi pia, na jibu lake ni kipande cha chuma. Mwaka 1915 Einstein na de Haas walining'iniza silinda ya chuma kwa uzi ndani ya koili, wakageuza mwelekeo wa usumaku wake kwa umeme. Silinda ikajisokota. Hakuna aliyeigusa. Ukizigeuza sumaku ndogo za ndani, chuma chenyewe kinazunguka upande wa pili ili jumla ya momenta ibaki ileile. Namba iliyobandikwa tu haiwezi kukisokota chuma unachokiona kwa macho.

Vipimo makini vya miaka iliyofuata vikaonyesha jambo zaidi: kwa kiasi hichohicho cha usumaku, msokoto ni nusu ya unaotarajiwa kama usumaku ungetokana na elektroni kuzunguka kwenye obiti. Kwa obiti, namba inayounganisha usumaku na momenta, yaani g, ni 1. Kwa spini ni 2, na kwa usahihi zaidi 2.0023. Usumaku wa chuma hutokana hasa na spini. Kila sumaku ya kubandika kwenye friji ni spini zilizokubaliana kuelekea pamoja.

Hesabu_Kwanza

Naheshimu majaribio yote haya, lakini mimi nilifunguliwa na mzunguko wenyewe, na naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Chukua kitabu, kilaze mezani. Kizungushe nyuzi 90 kwa mhimili wa kushoto-kulia, halafu nyuzi 90 kwa mhimili wa juu-chini. Tazama kilivyokaa. Sasa anza upya, badilisha utaratibu. Kinakaa tofauti. Basi, hapo ndipo kila kitu kinapoanzia. Mizunguko katika nafasi yetu ya pande tatu inajali ipi imetangulia, na momenta ya mzunguko ndiyo inayozalisha mizunguko. Kwa lugha ya kwanta: JxJy − JyJx = iħJz, na nyingine mbili kwa kupokezana (Jx, Jy na Jz ni sehemu za momenta kwenye mihimili mitatu).

Kutokana na mstari huo mmoja, bila kutaja elektroni, unatengeneza opereta mbili (vitendo vya kihesabu), ya kupandisha na ya kushusha. Kila moja inasogeza Jz kwa hatua ya ħ kamili. Ngazi lazima iwe na kikomo juu, kwa sababu sehemu moja haiwezi kuzidi urefu mzima. Hesabu inaonyesha kikomo cha juu ni +j na cha chini ni −j. Kutoka −j hadi +j ni 2j, na hatua ni nzima nzima, kwa hiyo 2j ni namba kamili. Basi j inaweza kuwa 0, ½, 1, 1½ na kuendelea. Ile nusu imetoka yenyewe! Hakuna aliyeiomba.

Kwa obiti nusu inakataliwa kwa sababu fanksheni ya wimbi ikizunguka nyuzi 360 lazima irudi kama ilivyokuwa. Spini haina wimbi la kuzunguka mahali, kwa hiyo haifungwi na sharti hilo. Na kweli, spini ya nusu ikizungushwa nyuzi 360 inarudi na alama ya kutoa. Inahitaji 720 kurudi sawa. Mwaka 1975 makundi mawili ya watafiti yaliliona hilo kwa nyutroni: waligawa mkondo njia mbili, wakaizungusha spini ya upande mmoja kwa uga wa sumaku, wakaziunganisha tena na kutazama mawimbi yanavyoingiliana.

Mionzi_Muhimbili_Rd

Mimi niko hospitali, mashine ya MRI, ile ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Kwenye tesla 1.5, protoni za maji ya mwilini zinaitikia mawimbi ya redio ya karibu megahezi 64. Protoni nayo ina spini ya nusu, pande mbili tu. Na tofauti kati ya pande hizo ni ndogo mno: katika kila milioni, zinazozidi upande mmoja ni kama tano. Picha yote ya ubongo wa mgonjwa inatoka kwa hizo tano. Mwili una protoni nyingi kiasi kwamba zinatosha. Kila nikiwasha mashine nawaza hilo.

Kijana_PCM

Asanteni sana wakubwa zangu. Moja la mwisho: nimesoma kwamba urefu wa spini ni ħ√3/2 lakini ukipima unapata ħ/2. Kwa nini isilale yote kwenye mhimili?

Hesabu_Kwanza

Kwa sababu ya kile kitabu, mdogo wangu. Kama yote ingelala kwenye z, basi x na y zingekuwa sifuri kamili, na ungekuwa unazijua zote tatu kwa mara moja. Ule mlinganyo unakataza: kushoto ungepata sifuri, kulia ungebaki na Jz isiyo sifuri. Kwa hiyo lazima kibaki kiasi cha x na y kisicho na mwelekeo maalumu. Jx² inatoa ħ²/4, Jy² vilevile, Jz² vilevile. Jumlisha: 3ħ²/4. Tafuta kipeuo cha pili, ndiyo hiyo ħ√3/2 yako. Kwenye michoro wanaionyesha kama mshale uliolala nyuzi 54.7 kutoka z, lakini usiuamini sana mshale; amini ule ujumlisho, na uufanye mwenyewe leo kwa matriki za Pauli, zile tatu zinazowakilisha spini ya nusu. Ni mistari mitatu tu.