Viza imekwama, pacha wameahidiwa bahari: ufukwe gani wa mchanga?

Mama Pacha, Leeds

Habari za jioni wote. Nimetoka kituo cha maombi ya viza mchana huu na hasira bado haijashuka. Tulipanga Hispania wiki mbili za Agosti. Mume wangu na watoto wana pasi za Uingereza, hawahitaji viza. Mwenye pasi ya Tanzania ni mimi peke yangu. Nina ILR, yaani ruhusa ya kuishi Uingereza bila kikomo. BRP yangu, ile kadi ya ukaazi, iliisha 31 Desemba 2024 kama za wengine, kwa hiyo nilichapisha eVisa, yaani uthibitisho wa ukaazi wa mtandaoni, na share code mpya kabisa, ile namba ya kuuhakiki. Yule dada wa dirishani akaitazama karatasi, akasema anataka kadi. Nikamweleza kwamba kadi hazitolewi tena. Akanirudishia bahasha nzima, hata zile euro 90 za ada hakuzipokea. Miadi inayofuata ni baada ya siku ya ndege.

Nina maswali mawili. Kuna aliyekubaliwa na eVisa ya karatasi mwaka huu, na aliambatanisha nini? Na ikishindikana, ni ufukwe gani wa mchanga humu nchini unaofaa watoto wa miaka minne? Wameshanunuliwa vindoo na visepetu, na usiku wanalala navyo.

Baba Watatu, Cardiff

Pole sana dada. Shemeji si Mwingereza? Basi omba kama mke wake, viza ni bure na hawana ruhusa ya kukuzungusha. Mke wangu alipata hivyo 2018, tukaenda Ureno. Kuhusu ufukwe, njooni Barry Island. Mchanga tele, vyoo karibu, bembea za watoto zipo.

Binti Tanga, Leicester

Baba Watatu, tafadhali tusipotoshane. 2018 Uingereza ilikuwa bado ndani ya EU. Njia hiyo ni ya familia za raia wa EU, na kwa Waingereza ilikwisha na kipindi cha mpito, mwisho wa 2020. Watu wanajaza fomu kwa ushauri wa namna hii halafu wanapoteza miadi. Na kabla hajatokea wa kusema nendeni Ireland maana hakuna mpaka: pasi ya Tanzania inahitaji viza ya Ireland hata ukiwa na ILR. Kukosa mpaka si kuwa na ruhusa.

Mzee wa Pangani, Hull

Mama Pacha, mwanangu, pole. Ya viza nawaachia vijana. Ya bahari nina la kusema, maana nimekulia kwenye ngalawa ya marehemu baba.

Watu huku wanachagua ufukwe kwa picha, na picha hupigwa maji yamejaa na jua limewaka. Ninyi ulizeni kwanza: maji yakipwa yanakwenda umbali gani, na yakirudi yanapita wapi? Kwetu siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kiasi, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita nne. Kule Bristol Channel, anakotuita Baba Watatu, maji hupanda na kushuka hata mita 14. Weston-super-Mare juu ni mchanga mzuri, lakini maji yakitoka chini yake ni tope. Nimeona mama anakikokota kigari cha mtoto mle, magurudumu yote manne yamezama, na yeye kiatu kimoja kimebaki nyuma. Camber Sands kuna mchanga mpana ajabu, lakini una mafungu, yaani vilima vya mchanga, na maji hujaa kwanza kwenye mabonde nyuma yako wakati wewe umesimama pakavu. Agosti 2016 vijana watano walikufa pale siku moja. Sisemi msiende. Nasema mtu wa pwani haingii maji asiyoyajua.

Kwa watoto wadogo mimi napenda Filey. Ghuba pana, mchanga kama maili tano, unateremka taratibu, na kutoka Leeds si mbali. Kisha tazameni mwezi. Tarehe 12 Agosti 2026 ni mwezi mpya, ndiyo siku ya kupatwa kwa jua huko Hispania mlikokuwa mnakwenda, na siku mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Maji mafu, yanapopanda na kushuka kidogo tu, ni baada kidogo ya tarehe 6, na tena baada ya tarehe 20. Nendeni maji mafu. Hayakimbii mbali na hayarudi kwa kasi.

Baba Watatu, Cardiff

Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, Barry si Weston. Whitmore Bay, ufukwe wenyewe wa Barry, ni mchanga mtupu mpaka chini. Wanangu watatu wamekulia pale. Na Binti Tanga, nilieleza yaliyotupata sisi, sikusema ni sheria.

Binti Tanga, Leicester

Ulisema "viza ni bure". Hilo ndilo nililosahihisha.

Nesi, Norwich

Mama Pacha, ufukwe wenye walinzi kwanza, uzuri baadaye. RNLI, shirika la uokoaji baharini, wanalinda zaidi ya fukwe 240, lakini si zote, na si mwaka mzima. Bendera yenye nyekundu juu na njano chini: ogeleeni katikati ya mbili hizo. Ya mirabaraba myeusi na myeupe ni ya wenye mbao za mawimbi, msiingie. Nyekundu tupu, hakuna kuingia. Mkiona soksi ya upepo ya rangi ya chungwa, maboya na midoli ya kupuliza ibaki kwenye gari.

Hili la mwisho nalisema kwa uchungu. Mtoto wa dada yangu, miaka saba, alikuwa amelalia godoro la kupuliza, maji yanamfika baba yake magotini. Bahari imetulia kama sinia, kwa sababu upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Baba aligeuka kuchukua taulo. Aliporudisha macho, godoro lilikuwa mbali kuliko anavyoweza kuogelea. Mlinzi alimfuata kwa ubao akamrudisha. Vidole vya yule mtoto vilikuwa vimeganda kwenye mshikio wa godoro, ilibidi tuvifungue kimoja kimoja. Pasipo na mlinzi, ni 999, na uombe Coastguard, walinzi wa pwani, si polisi.

Tena bebeni chupa ya maji moto. Maji yakipwa kuna samaki mdogo anajifukia mchangani, anaitwa weever, mwiba wake unaumiza vibaya mno. Dawa yake ni kutumbukiza mguu kwenye maji moto kadiri mtoto anavyoweza kustahimili bila kuungua, kama nusu saa. Viatu vya majini vinamwepusha na yote hayo.

Mzee wa Pangani, Hull

Nesi amesema kweli. Huo upepo wa kutoka nchi kavu kwetu tunauita umande. Asubuhi unaisukuma ngalawa kwenda nje bila kasia. Mvuvi anaushukuru, mzazi auogope.

Mwana wa Likoni, Manchester

Ndugu zangu, bahari ya nyuzijoto 15 mnaiita bahari? Mama Pacha, hizo pesa za Hispania ongeza kidogo, subiri Septemba bei zishuke, uwapeleke watoto nyumbani. Diani mchanga ni wa matumbawe, mweupe, laini kama unga. Huhitaji kumlilia mtu dirishani. Ama nendeni kwenu Unguja.

Binti Tanga, Leicester

Septemba shule zimefunguliwa. Faini ya kumkosesha mtoto shule ni pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto. Na nyumbani watoto wake ni wageni: pasi ya Uingereza analipa viza dola 50, na Zanzibar tangu Oktoba 2024 kuna bima ya lazima, dola 44 kwa mtu mzima. Pia Unguja si moja. Paje na Jambiani maji yakipwa unatembea zaidi ya kilomita kuyafuata, katikati ya mwani wa kina mama. Wa kuogelea na watoto mchana kutwa ni Nungwi na Kendwa.

Nesi, Norwich

Faini haiwahusu. Pacha wana miaka minne. Sheria ya England inaanza muhula unaofuata baada ya kutimiza mitano.

Mwana wa Likoni, Manchester

Mnaona? Lakini dawa halisi ni Mama Pacha achukue uraia wa Uingereza, yaishe. Sisi Wakenya tulimaliza jambo hili na Katiba ya 2010. Mimi nina pasi mbili na sijapungukiwa Ukenya.

Binti Tanga, Leicester

Wewe hukuombwa uchague. Sisi tukichukua, tunaupoteza wa kwetu. Na hadhi maalum wanayotueleza, ile ya waliochukua uraia wa nje, si uraia, huwezi kupiga nayo kura. Nina kaburi la mama yangu Tanga. Nikiambiwa niingie kulizuru kwa viza ya mtalii, nitasema nini? Msiseme "achukue tu" kana kwamba ni koti.

Mzee wa Pangani, Hull

Polepole, wanangu. Kila mtu na jeraha lake.

Mimi miaka 31 niko hapa Hull. Kuna asubuhi natembea Bridlington, nasikia maji yakivuta changarawe, nafumba macho, nangoja sauti ya mama akiita tuje tupokee dagaa. Haiji. Lakini bado naenda. Mama Pacha, watoto wako wapeleke popote penye chumvi, mradi waijue. Mkichagua Filey niambieni, nitapanda gari moshi nije niwaonyeshe pacha jinsi ya kusoma mstari wa mwani ili wajue maji yaliishia wapi.

Mama Pacha, Leeds

Mzee, shikamoo, nimesoma nikalia. Tumeamua Filey, tarehe 20 mpaka 24. Njoo, nitapika. Nesi, viatu vya majini nimeshaagiza, na godoro la kupuliza nimelirudisha dukani leo. Baba Watatu, Barry tutakuja Pasaka, tupatane.

Ila ya eVisa bado. Mume wangu anataka tujaribu tena Krismasi.

Mgeni, Sheffield

Samahani, nimejiunga leo. Nami nina ILR na eVisa, pasi ya Tanzania, miadi yangu ni Jumanne saa tatu asubuhi, kadi sina. Nimesoma uzi wote. Kuna aliyejibu lile swali la kwanza?