Programu za "bure" za kuchoma DVD ni wizi wa mchana kweupe, na mnaotuelekeza nanyi mmezidi

Wakuu, heshima mbele.

Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia. DVD zipo tangu miaka ya 90. Kwa nini mpaka leo mtu akitaka kutoa video kwenye fleshi na kuiweka kwenye diski inayocheza kwenye deki ya kawaida, anazungushwa kama anaomba kiwanja?

Shida yangu ni ndogo. Mdogo wangu kaoa, mpiga video katukabidhi mkanda wa harusi kwenye fleshi, faili moja la MP4. Mama yuko kijijini, ana TV ya chogo na deki ya siku nyingi isiyo na tundu la fleshi. Anataka kumuona mwanawe akivishwa pete. Basi.

Nikaingia mtandaoni kutafuta maelekezo. Karibu kila mahali ni wimbo uleule: chomeka DVD tupu, buruta faili lako ulitupie humo, bonyeza kuchoma, subiri, tayari. Hivi hawa watu wamewahi kuitia hiyo diski kwenye deki? Ukifanya hivyo unapata DVD iliyobeba faili, yaani fleshi ya duara. Kompyuta inaisoma freshi, deki ya mama inaizungusha, inakoroma kidogo, halafu inakwambia hakuna diski. Deki ya zamani haijui MP4 ni mdudu gani. Inachotafuta ni folda inayoitwa VIDEO_TS, ndani yake kuna mafaili ya VOB, IFO na BUP, na picha yenyewe iwe imeshageuzwa kuwa MPEG-2, mfumo wa zamani wa kubana video. Deki zenye nembo ya DivX usoni ndizo zinazoweza kujikongoja na mafaili ya AVI, tena kwa kuchagua. Haya maelezo ni mistari miwili tu. Hakuna anayeyaandika, wote wamenakiliana.

Kinachoniudhi zaidi, kompyuta yenyewe ya Windows inakuuliza kabla ya kuchoma: unataka diski itumike kama fleshi, au ichezwe kwenye deki? Unachagua ya deki, unatabasamu. Kumbe haigeuzi chochote! Inachofanya ni kuchoma mafaili kwa mkupuo yasiweze kubadilishwa wala kufutwa tena, faili ndani linabaki MP4 lilelile. Na wengine bado wanatuelekeza tufungue Windows DVD Maker, kitu kilichokuwa kwenye Vista na Windows 7 na kikaondolewa Windows 8 ilipotoka mwaka 2012. Unatafuta kwenye menyu mpaka macho yanauma.

Sasa tuje kwa matapeli wenyewe. Unaandika "programu ya bure ya kugeuza video kuwa DVD", zinamwagika. Unachoma bando kuishusha, inajipachika pamoja na vitu viwili vitatu ambavyo hukuviomba, kivinjari kinabadilika sura. Unasema potelea mbali. Unaweka video, unaacha kompyuta usiku kucha inanguruma, na roho juu umeme usije ukakatika. Asubuhi unafungua: bibi harusi anaingia ukumbini, na katikati ya uso wake, kuanzia kwenye shela mpaka kidevuni, pameandikwa jina la programu kwa herufi nyeupe. Mwanzo mpaka mwisho. Ukitaka liondoke, lipa kwa dola. Nyingine haina maandishi, ila inageuza theluthi ya kwanza tu halafu inasimama. Harusi inaishia kabla keki haijakatwa. Kwa nini msiseme hivyo KABLA sijasubiri usiku mzima? Mnajua kabisa mnachofanya. Mnangoja mtu achoke ndipo mtoe bei.

Nikaona isiwe tabu, nikaenda steshenari moja mjini wanakochoma CD. Kijana kachukua hela yake, kachoma kwa kasi ya mwisho huku anachati, kanipa diski. Nyumbani haichezi. Narudi, ananiambia "mbona kwenye kompyuta inasoma, bro, deki yako mbovu". Deki inayocheza DVD zote za kwaya za mama ndiyo iwe mbovu!

Na ninyi wajuzi wa kwenye majukwaa, hamjapona. Kila anayeuliza anajibiwa "tumia HandBrake". HandBrake ni programu nzuri, haina ujanja ujanja, lakini inatoa MP4 na MKV. Haitengenezi DVD! Mnamrudisha mtu palepale alipotoka.

Kwa anayeanza, haya ndiyo niliyoyapata kwa jasho. DVDStyler ni ya bure kweli, haiandiki jina lake usoni kwa mtu, inageuza na kutengeneza hiyo VIDEO_TS na menyu juu. Kabla hujaanza chagua mfumo wa TV wa PAL, sio NTSC. Kwetu TV za zamani ni PAL, mistari 576, picha 25 kwa sekunde. Ukiacha NTSC na deki haibadilishi yenyewe, utaona harusi ya rangi imekuwa nyeusi na nyeupe au picha inapanda juu kama lifti. Choma kwa kasi ndogo, 4x au 8x, deki za zamani hazipendi haraka.

Halafu kuna hili la ukubwa. Kwenye boksi wameandika GB 4.7, kompyuta inakuonyesha kama 4.38. Mwenye kiwanda anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1024, mteja anabaki anajikuna. Na usishangae faili la GB 2 likikataliwa eti limezidi. MPEG-2 inakula nafasi kuliko mfumo wa kisasa, kwa hiyo angalia dakika, achana na ukubwa wa faili. Saa moja inakaa kwa raha, saa mbili inavumilika, mkanda wa saa tatu ukiubana kwenye diski moja sura zinakuwa vigae vigae. Gawa diski mbili. Mama hatakufa kwa kubadilisha diski.

Kimebaki kitu kimoja kinachonitoa roho. Kipande cha kanisani kilipigwa kwa simu, na kadiri kinavyoendelea sauti inaachana na picha: mchungaji kafunga mdomo, maneno bado yanakuja. Nimeambiwa simu hairekodi picha kwa kasi moja, inapanda na kushuka, na DVD inataka 25 bila kuyumba. Sawa, nimeelewa ugonjwa. Dawa? Nani ameshawahi kuinyoosha kwa programu ya bure, ya bure KWELI, na diski ikacheza kwenye deki mpaka mwisho? Atuwekee hapa hatua kwa hatua.

Wa kuleta programu za kukraki, kaeni nazo, virusi ninavyo vya kutosha. Na wa "mnunulie mama TV ya kisasa", naomba mpite kimya kimya.